Kabla ya kulaumu waya wa baharini, fungueni kabati lenu

Mhariri,

Nipe nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji wa Tudor aliyeandika wiki mbili zilizopita. Alisema ni aibu kwamba Mombasa, mji ambao nyaya za intaneti zinatua ufuoni mwake, ofisi zake zingali zinangojea faili moja ifunguke kama watu wanaongojea feri jioni ya Ijumaa. Malalamiko yake nayaelewa. Mshtakiwa wake ndiye simkubali. Tangu 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika hapa, hii ya pili ikitokea Fujairah, chochote kikienda polepole katika mji huu bahari ndiyo inayolaumiwa. Mimi ni fundi wa mitandao, mwanamke wa miaka 49, nimetambaa chini ya meza nyingi kuliko paka wa Marikiti. Ninachokikuta mara nyingi ni kwamba kosa liko ndani ya jengo lenyewe, katika kabati la chuma ukutani, lenye kufuli ambayo hakuna anayekumbuka ufunguo wake uko kwa nani.

Nitatoa kisa kimoja tu, cha mwezi wa tatu mwaka huu. Ofisi ya uwakala wa forodha, ghorofa ya tatu, upande wa Kilindini. Jina nalihifadhi kwa sababu bado wananilipa.

Mwenye ofisi alinipigia akasema, "Mama, intaneti imekufa." Nilipofika, kijana wa mapokezi alikuwa akitazama mpira kwenye simu, picha haikwami hata mara moja. Nikauliza basi iliyokufa ni ipi. Kumbe ni hivi: dada wa kitengo cha hati anaskani makaratasi ya makontena, kisha anayatuma kwenye seva iliyoko chumba cha uhasibu. Kutoka meza yake hadi seva ile ni hatua 15, nilizihesabu. Faili ya megabaiti 180 ilikuwa ikichukua dakika sita na ushei. Ningeitia kwenye flashi nikaibeba mwenyewe, na njiani nikapata kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata.

Naye bwana mkubwa alikuwa keshachukua hatua. Alipandisha kifurushi chake cha intaneti kutoka megabiti 50 hadi 100 kwa sekunde. Hakikubadilika kitu, na kisingebadilika, maana faili ile ilikuwa haiendi nje ya jengo. Kununua barabara pana ya kwenda Nairobi hakumsaidii anayetoka sebuleni kwenda jikoni.

Aliyenipa fununu ya kwanza ni bawabu. Nilipokuwa nikitafuta ufunguo wa kabati akaniambia, "Mama, usiku hini haina shida. Mhasibu akibaki kufanya kazi usiku, yaenda kama maji. Shida yaanza saa mbili, watu wakiingia." Nikayatia maneno hayo mfukoni.

Sasa wasomaji wanivumilie kidogo, maana bila hili kisa hakieleweki. Mwaka 1984 Shirika la Kimataifa la Viwango lilichapisha mfano unaoigawa kazi ya mtandao katika matabaka saba. Sisi tunaotambaa chini ya meza tunashughulika zaidi na la pili, la tatu na la nne.

Swichi, kile kisanduku chenye matundu kinachounganisha kompyuta za ofisi kwa waya, ile ya kawaida inaishi tabaka la pili. Kila kadi ya mtandao hutoka kiwandani na anwani yake ya MAC, tarakimu na herufi 12, kama namba ya chasisi ya gari. Swichi ikiwashwa haimjui mtu. Kompyuta ikituma fremu, yaani bahasha moja ya data, swichi husoma anwani ya mtumaji na kuandika: huyu nimemwona tundu la 7. Ikiletewa fremu ya kwenda kwa mtu isiyemjua, huitoa kwenye matundu yote isipokuwa lile iliyoingilia. Mwenyewe akijibu, naye huandikwa. Akikaa kimya sekunde 300, swichi nyingi humfuta. Ni hayo tu. Nilianza kazi mwaka 2001 katika saiba moja ya Mwembe Tayari tukitumia habu, kifaa ambacho hakikuwa kikiandika lolote, kilichosemwa na mmoja kilisikiwa na wote. Swichi ya kwanza niliyoigusa niliipenda kama mtoto, kwa kule kunyamaza kwake.

Lakini ofisi ikikua, hata swichi huwa na kelele. Kuna maulizo ambayo lazima yapigiwe kila mtu ukelele, kama lile la "nani mwenye anwani hii?" Tena hutaki simu ya mgeni aliyekuja kungojea risiti ibishe hodi kwenye seva ya uhasibu. Ndipo tunapoikata swichi moja, kwa maneno tu, iwe kama swichi kadhaa zisizojuana. Kila kipande ni VLAN. Kiwango chake, 802.1Q, hubandika lebo ya baiti 4 kwenye fremu, na ndani ya lebo hiyo ni biti 12 zinazobeba namba ya VLAN. Ndiyo sababu huwezi kupita VLAN 4,094. Ofisi yangu ya Kilindini ilikuwa nazo nne: uhasibu, hati, kamera na wageni. Aliyezipanga alipanga vizuri, simsemi kwa hilo.

Ukishajenga kuta hizo, fremu ya hati haiwezi kuingia uhasibu mpaka apatikane mtu wa tabaka la tatu, anayesoma anwani za IP, zile ambazo mtandao wenyewe huipa kila kompyuta, aichukue upande huu aikabidhi upande wa pili. Pale ofisini mtu huyo alikuwa rauta ndogo, imening'inia juu ya swichi kwa waya mmoja. Mwenyeji wa Likoni atanielewa upesi. Mtu anatoka Likoni anakwenda Mtongwe, safari ya upande mmoja wa maji, lakini tuseme sheria yamtaka lazima avuke feri hadi kisiwani, agongewe muhuri, arudi kwa feri ile ile. Kila karatasi iliyotoka kwa dada wa hati kwenda hatua 15 mbele ilikuwa ikipanda kwenye rauta na kushuka kwa waya ule ule uliopandia.

Na tundu la rauta lilikuwa la megabiti 100.

Nikayakumbuka maneno ya bawabu. Nikauliza juu ya kamera za ulinzi. Ziko 24, zimewekwa zirekodi pale tu kinapotikisika kitu. Usiku hakitikisiki kitu isipokuwa bawabu mwenyewe akienda kujinyoosha. Saa mbili asubuhi watu wanaingia, zote zinaamka. Kila moja ilikuwa inatoa kama megabiti 4 kwa sekunde. Nne mara 24 ni 96. Kamera ziko katika VLAN ya kamera, lakini rekoda yake ilichomekwa uhasibu, kwa sababu chumba kile ndicho chenye kiyoyozi. Kwa hivyo megabiti 96 zilikuwa zinavuka feri asubuhi kutwa, zikibakisha nne kwa ofisi nzima. Baiti moja ni biti nane, kwa hivyo faili ya megabaiti 180 ni megabiti 1,440. Zigawe kwa nne upate sekunde 360. Dakika sita. Si kila siku hesabu inakaa sawa hivyo, nikacheka peke yangu kabatini.

Fundi mwenzangu akisoma hapa atasema: hamisha rekoda uitie VLAN ya kamera, nenda nyumbani. Nililiwaza. Ila bwana mkubwa ana skrini chumbani mwake inayoonyesha kamera zote kutwa, na skrini ile ni ya mtandao wa uhasibu. Ningeziba tundu moja, maji yangetokea jingine. Na kesho wataongeza skana.

Basi nikashika ncha ya leso nikapangusa vumbi kwenye lebo ya swichi ili nisome ni aina gani, nijue cha kumshauri anunue. Mhariri, nilikaa chini. Ilikuwa swichi ya matabaka mengi. Mafundi tunaiita "leya thrii". Mwanangu anasema jina la Kiswahili linasikika kama chapati, lakini mimi nalipenda. Ofisi ile ilikuwa imelipa bei ya kifaa kinachojua kusoma IP chenyewe, bei iliyo mara kadhaa ya swichi ya kawaida, kisha waliokuja kuifunga wakaiacha ifanye kazi ya tabaka la pili peke yake, na juu yake wakauza rauta ya kuning'iniza. Jahazi la kwenda Lamu limefungwa kamba linavushia watu Mtongwe. Miaka miwili.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu watu wengi, hata wanaoandika zabuni, hudhani swichi ya matabaka mengi ni rauta iliyotiwa ndani ya sanduku la swichi. Tofauti ni kubwa kuliko hapo.

Tazama anachofanya rauta kwa pakiti moja. Fremu ni bahasha, pakiti ndiyo barua iliyomo. Rauta huivua bahasha, husoma anwani ya IP ya anayepelekewa, huangalia daftari lake la njia, hupunguza moja kwenye idadi ya hatua ambazo barua imebakiza kabla ya kutupwa, hukokotoa upya hesabu ya ukaguzi ya kichwa cha barua, kisha huitia bahasha mpya yenye anwani yake ya MAC kama mtumaji na ya jirani anayefuata kama mpokeaji. Si kazi ngumu. Shida ni kwamba rauta ndogo kama ile huifanya kwa programu, kichakataji kimoja kikishika pakiti moja baada ya nyingine, huku kikiwa na shughuli zake nyingine. Na kwenye waya wa gigabiti moja, fremu ndogo kabisa za baiti 64 zaweza kupita 1,488,095 kwa sekunde. Matundu 48 yakijaa yote ni milioni 71 na ushei. Hakuna karani wa kuvua na kuvisha bahasha kwa kasi hiyo.

Swichi ya matabaka mengi huifanya kazi ile ile kwa chipu iliyochongwa kwa ajili hiyo tu. Na daftari la njia haliko kwenye kumbukumbu ya kawaida inayosomwa mstari kwa mstari, liko kwenye kumbukumbu ya namna ya pekee tunayoiita TCAM. Ukiwa mgeni Mji wa Kale unaitafuta nyumba ya mtu, waweza kubisha mlango mmoja mmoja kuanzia Kuze. Ama waweza kusimama penye baraza ukauliza mara moja kwa sauti, anayejua akainua mkono. TCAM ni baraza. Mistari yote hulinganishwa na anwani kwa mpigo mmoja, na kila kijisehemu cha mstari chaweza kuwa sifuri, moja, au "hapa sijali". Wakiinua mikono wawili, mmoja akisema "huko upande wa Kisauni" na mwingine akisema "Kisauni, nyuma ya msikiti, mlango wa kijani", anayesikizwa ni mwenye maelezo ya karibu zaidi. Ndivyo njia inavyochaguliwa, tena kwa wakati mfupi kuliko niwezavyo kuueleza.

Swichi za mwanzo za aina hii, mwishoni mwa miaka ya 1990, zilikuwa na ujanja mwingine. Pakiti ya kwanza ya mazungumzo ilipelekwa kwa ubongo wa rauta iamuliwe, jibu likaandikwa, na zilizofuata zikapitishwa na chipu bila kuuliza tena. Ujanja mzuri mpaka siku mazungumzo yanapokuwa ya pakiti moja moja. Kirusi cha SQL Slammer mnamo Januari 2003 kilirusha pakiti kwa anwani za kubahatisha, na kwa mtindo ule kila pakiti ni ya kwanza, zote zinautaka ubongo. Siku hizi daftari zima huandaliwa mapema na kuteremshwa kwenye chipu kabla barua yoyote haijafika, pamoja na orodha ya anwani za MAC za majirani, bahasha ziko tayari. Ubongo unabaki kujadiliana njia na vifaa vingine na kulisahihisha daftari zikibadilika.

TCAM ina mipaka, lakini. Ni ghali na inakula umeme, kwa hivyo nafasi zake ni za kuhesabika. Nimewahi kuona swichi iliyojazwa njia na masharti hadi pomoni. Kisichopata nafasi kwenye chipu kikarudishwa kwa kichakataji, na mtandao ukatambaa vile vile kama zamani. Muuzaji hakukuambia hili, nakuambia mimi.

Jumamosi saa kumi jioni, watu wakiwa wameondoka, nikaifanya kazi. Amri ya kuiamsha swichi isome IP ni ya maneno mawili. Maneno mawili, Mhariri, yalikuwa yanangojewa miaka miwili. Kisha kila VLAN nikaipa mlango wake ndani ya swichi yenyewe, nikihamisha anwani za mlango, zile ambazo kompyuta hupitia zikitoka VLAN yao, kutoka kwenye rauta ili kompyuta zisijue kwamba lolote limebadilika. Rauta sikuitupa. Ilibaki mlango wa nje, kubadilisha anwani za ndani kuwa ile moja ya nje, kazi ambayo swichi nyingi za aina hii haziifanyi. Nikaiandikia njia za kurudishia majibu ndani, maana hilo nililisahau mwaka fulani kwa mteja mwingine na sitaki kusimulia.

Faili ya megabaiti 180 ikaenda kwa sekunde mbili, tatu. Bawabu niliyemwita aje ashuhudie akasema, "Basi?" Nikamwambia basi.

Jumatatu saa nne nikapigiwa simu na binti wa uhasibu. Printa yake ilikuwa imetema picha ya harusi ya rangi, kurasa nne, bibi harusi miguu imejaa hina mpaka gotini. "Mama, huyu ni nani?" Sikumjua. Tulimpata baadaye: kijana aliyewahi kufanya kazi pale, alikuja kumngojea rafiki mapokezini, laptopu yake ikajiunga na mtandao wa wageni. Ilikuwa bado inaikumbuka anwani ya printa ya uhasibu. Akabonyeza akidhani anachapisha kwa nani sijui, ikatoka kwa mhasibu.

Kosa lilikuwa langu. Masharti ya kuwazuia wageni yalikuwa kwenye rauta. Mimi nilihamisha milango nikawaacha mabawabu wamesimama kwenye milango ya zamani, wanalinda ukuta. Na hapa ndipo tabaka la nne linapoingia, ambalo ndilo linalofanya neno "mengi" liwe na maana. Swichi hizi haziishii kwenye anwani. Husoma pia namba za huduma zinazobebwa na TCP na UDP, kanuni mbili za kusafirishia data. Printa nyingi husikiliza namba 9100. Tovuti salama huja kwa 443, maulizo ya majina ya tovuti kwa 53. Nikaandika kwamba mgeni asifike VLAN yoyote ya ndani kwa namba yoyote, na akitoka nje aende zake. Masharti hayo nayo hukaa kwenye TCAM na hukaguliwa kwa kasi ile ile, kwa hivyo hayampunguzii mtu mwendo. Ila swichi haikumbuki mazungumzo kama ukuta wa moto (firewall), kifaa cha kulinda mtandao, unavyokumbuka. Husoma bahasha na kichwa cha barua, haisomi barua. Mwenye siri kubwa kuliko bei za kontena bado anauhitaji ukuta wa moto katikati. Na wale wanaopita maofisini wakiuza swichi ya "tabaka la saba", waulizeni inasoma nini hasa kilichomo ndani ya barua, kisha msikilize wanavyobadilisha mada.

Sasa kwa ndugu yangu wa Tudor. Kesho asubuhi, saa zile ofisi yako inapoudhi, usiguse intaneti. Nakili faili kubwa kutoka meza moja hadi nyingine ndani ya jengo lenu, meza za idara mbili tofauti, na saa mkononi. Ikikawia, bahari haimo. Mwite fundi, mwambie afungue kabati, na mwulize mambo mawili mbele yako: barua ya kutoka idara hii kwenda ile inapita wapi, na hicho mlichokinunua kinajua kusoma nini. Akikwambia "swichi ni swichi", mpe nauli yake. Shule na zahanati zinazonunua kwa zabuni zaweza kuuliza vile vile kabla ya kutia sahihi, na baada ya kufungiwa ziombe kuonyeshwa kikifanya kazi. Nimeona karatasi za zabuni zilizoandika "swichi, matundu 48, moja" na nukta. Ni kama kumwagiza fundi seremala "mbao, moja".

Bwana mkubwa wa Kilindini amefurahi, amenilipa nusu, na nusu ameahidi mwisho wa mwezi. Wiki iliyopita aliipigia kampuni ya intaneti akitaka kurudi kwenye megabiti 50 kwa kuwa zile 100 hana kazi nazo. Wakamwambia mkataba ni wa miezi 12.

Fundi wa mitandao,
Majengo, Mombasa